Saa ya esheki ya ku marche ya Kenya: kwa parti ya polepole nunua, kwa blitsi achana nayo

Nianze na jibu, juu najua bengi mutasoma paka mistari ya kwanza: kama unachezaka parti ya polepole, dakika 60 ao 90 kila mutu, hii saa ya esheki ya dijitali isiyo na jina, ya kuhesabia kila muchezaji wakati wake, yenye banauzisha ku marche ya komini ya Kenya hapa Lubumbashi, inafaa, nunua. Kama weye ni mutu wa blitsi ya dakika 3, acha, buto zake ni ngumu, utapiga na saa haitasikia, kisha mutaanza kugombana. Miye naandika juu ya parti ya polepole tu, na juu ya kazi moja yenye saa inapashwa kukufanyia mu parti ya namna hiyo: kukuonesha wakati wako unapitia wapi.

Hapa Lubumbashi bachezaji bazuri bako, batoto ba shule, banafunzi ba UNILU, bapapa ba pensione, lakini karibu bote tulikomalia ku blitsi. Batu banakaa chini ya muti wa maembe ao mbele ya alimentasio, parti inaisha mbele chai ipoe. Halafu siku moja mashindano inatangazwa, dakika 90 na sekonde 30 za kuongeza kila hatua, utaona mutu anamaliza parti yote ametumia dakika 20 tu, amechapwa, na ku ekra yake kungali zaidi ya saa moja yenye hakuigusa hata. Mwingine anafanya kinyume, hatua ya 12 anaganda dakika 40, ikifika ya 30 amebakia na dakika mbili na nafasi yake nzuri inaanza kuoza. Unaona ni batu babili tofauti lakini ugonjwa ni moja, hakuna mwenye alikuwa anajua wakati wake unaenda wapi.

Saa yenyewe sasa. Plastiki nyeusi, nyepesi mno, ukipiga na nguvu inatembea ku meza (miye nilibandika bipande bya mupira wa tairi chini yake, imekwisha). Ekra mbili, buto kubwa mbili juu, na buto ndogo ndogo mbele za kupanga. Inakula batri mbili za AA, zile za telekomande, na haikulaka mbio. Karatasi ya maelezo iko mu Kichina na mu Kiingereza ya kuvunjika-vunjika, Kifaransa hakuna, Kiswahili usiulize. Bei muuzaji alianzia dola 40, tukabishana mpaka tukafika fasi yenye kila mutu alikuwa anajifanya amepata hasara. Saa ya jina kama DGT ya Uholanzi, yenye FIDE, shirika ya esheki ya dunia, inatumiaka mu mashindano yake makubwa, ni nzuri kupita hii, hatubishane, lakini huku kwetu uiagize, ulipe usafiri, ulipe duane, ungoje, na wakati uko nangoja parti hazichezeke.

Kabla niingie ndani, tusikilizane juu ya parti ya polepole ni nini, juu kila mutu iko na yake. Kwa FIDE, parti ya kawaida ni ile yenye kila muchezaji anapata dakika 60 ao zaidi, na unahesabia ndani zile sekonde za kuongeza mara hatua 60. Chini ya pale ni rapide, na dakika 10 kushuka njo blitsi. Donki hata dakika 30 na sekonde 30 za kuongeza inaingia mu parti ya kawaida, juu sekonde 30 mara 60 ni dakika 30, ongeza ku 30 zingine unapata 60 kamili. Hiyo kadansi, ni kusema namna ya kupanga wakati, naipenda sana kwa maisha ya huku, parti ya hatua 60 inashika saa mbili kwa bote babili, unaweza kutoka ku kazi, ukacheza, ukarudia nyumbani mbele bukari ibarikiwe. Ile ya 90 na 30 ni ya siku ya mungu, mukianza 14h na parti ikirefuka mpaka hatua 60, mutafika 18h na giza inaanza kuingia.

Tuingie mu kupanga sasa, hapa njo kwenye batu banakosea na kusema saa ni mubaya. Ukibonyeza buto ya kupanga utaona maandishi mawili yenye yanafanana kazi: BON na DLY. Hazifanani hata kidogo. BON njo ile ya Bobby Fischer, Mumarekani mwenye alikuwaka bingwa wa dunia, kila ukimaliza hatua na kupiga buto saa inakuongezea sekonde zako, na zile zenye hukutumia zinabakia zako, unaziweka akiba. Ukicheza mu sekonde 5 na bonus ni 30, umepata 25 za bure. DLY ni ingine, saa inangoja kwanza sekonde 30 ndiyo inaanza kushuka, na zile zenye hukutumia zimepotea, huwezi kupanda hata siku moja, unaweza tu kukosa kushuka. Mashindano karibu yote ya dakika 90 na 30 inatumika na namna ya Fischer. Basi mutu anapanga DLY, anacheza hatua kumi za kwanza mbio mbio akifikiri anaweka akiba, kisha anaangalia ekra, iko palepale, na anasema saa ya Kichina inaiba. Haiibe, ulibonyeza kwengine.

Na kitu ingine ndogo yenye karatasi haisemi: mu BON hii saa inaongeza sekonde kisha hatua ya kwanza, haiongezi mbele. Ku mashindano, wakisema sekonde 30 tangu hatua ya kwanza, saa inapashwa kuanza na 1:30:30. Kama weye ni mutu wa kufwata sheria mpaka mwisho, panga 1:30:30 mwenyewe, saa inakubali, inaomba tu uvumilivu na kidole ndogo.

Fischer alilomba hati ya uvumbuzi ya ile saa yake kule Marekani, bakamupa mu 1989, na mu 1992 njo alitumia mu mechi yake ya kurudiana na Spassky kule Yugoslavia. Leo tunaona kawaida, lakini muulize mutu mwenye alichezaka na saa za mishale. Papa moja wa huku, alitumikaka Gécamines, angali na saa ya Kijerumani ya mbao, unaipigaka ufunguo kama redio ya zamani... hapana, redio haikuwaka na ufunguo, sawa, kama saa ya ukuta. Iko na kadrapo kadogo kekundu, mushale wa dakika unakanyanyua polepole, ukifika ku 12 drapo inaanguka na parti imeisha, hata kama uko na ture mbili zaidi na mwenzako amebakia na mufalme na pioni moja yenye haitembei. Papa anaipenda ile saa na miye pia naipenda kwa macho, ni kitu ya kuweka mu salon. Ila kwa parti ya dakika 60 bila kuongeza, mwisho wake unakuwa vita ya mikono, na dakika 60 zote zenye mulifikiria vizuri zinaamuliwa na nani anapiga buto mbio. Na ile mishale, dakika tatu na dakika tano zinafanana, kila mutu anasoma yenye inamufurahisha.

Hii yangu angalau inasema namba, na namba njo inakuwezesha kugawa wakati. Tuhesabu kidogo, musichoke. Dakika 90 na sekonde 30, mu hatua 40 unapata 90 ongeza 20, ni dakika 110, gawanya ku 40 ni dakika mbili na sekonde 45 kila hatua. Hiyo hesabu ni ya kweli na haina kazi, juu hakuna mutu anacheza vile. Hatua 10 za kwanza, zile za uvertiri yenye umekwisha kujua, ukizicheza zote mu dakika 5 ekra yako itakuwa ingali inasoma 1:30, umetosha 5 na saa imekurudishia 5. Kuanzia pale mpaka hatua ya 30 njo fasi ya kazi. Jiwekee lazima ya kufika hatua ya 30 na dakika 30 mu mufuko. Hii inamaanisha uko na dakika 70 za kutumia mu hatua 20, juu saa itakuongezea 10 njiani. Sasa usizigawe sawa sawa! Hatua 16 kati ya zile 20 ni za kawaida, kukamata kipande yenye mwenzako amekamata, kuleta ture fasi ya wazi, kuondoa farasi yenye bamepiga, dakika moja moja inatosha, ni 16. Zinabakia 54. Zigawe ku hatua 4 zenye kweli zinaamua parti, kila moja inapata dakika 13 na kitu. Mutu mwenye anaweza kukaa dakika 13 mbele ya swali ya kweli, bila woga, juu anajua analipa na pesa yenye iko nayo, yule ni wa kuogopa.

Swali ni kujua zile 4 ni zipi, na hapo saa haikusaidie. Kwa uzoefu wangu zinatokaka kati ya hizi: wakati wa kuvunja pioni za katikati, wakati wa kukubali ao kukataa kubadilisha malkia, wakati wa kutoa kipande sadaka, wakati wa kuingia mu finale (mwisho wa parti, bipande bimebakia kidogo), na wakati mwenzako amecheza kitu yenye hukuwaza kabisa. Pioni hairudiaka nyuma na malkia mukibadilisha imekwisha, basi pale lipa wakati. Kipande yenye inaweza kurudia kesho fasi yenye ilikuwa, usiililie nusu saa.

Na hapa njo sababu kubwa yenye napenda hii saa, nitaieleza polepole juu batu bengi hawaifanyi. Sheria za FIDE zinakatazaka kuandika maneno yako ya kujisaidia ku karatasi ya parti, lakini zinaruhusu kuandika wakati wa saa pembeni ya hatua. Kila ukicheza, andika hatua, halafu pembeni dakika zenye zimebakia: 1:22, 1:21, 1:04, 1:03. Ile kushuka kutoka 1:21 mpaka 1:04 itakurukia macho hata kisha juma moja. Yaya moja wa Katuba, mwalimu wa hesabu, tulikaa naye kwa karatasi zake, na akaona mwenyewe kitu yenye hakuna mutu aliweza kumwambia akakubali: karibu kila fasi yenye alitumia dakika 20 na zaidi, alimalizia kucheza ile hatua yenye aliona mu dakika mbili za kwanza. Zile 18 zingine zilikuwa za woga, alikuwa anazunguka kati ya hatua mbili, anarudia hesabu ileile, kila mara anaisahau nusu. Tangu siku ile akisikia amerudia hesabu moja mara ya tatu anacheza. Si kwamba sasa anashinda kila parti, hapana, ila hachapwi tena na saa, anachapwa na batu.

Na asijione peke yake. Mu 1980 kule Vigo, Hispania, Mubrazili mwenye anaitwa Francisco Trois alifikiria hatua yake ya 7, nasema ya saba, saa mbili na dakika 20, akicheza na Luis Santos. Ku saa yetu ya 1:30 angekuwa amekwisha kuanguka mbele amalize kufikiria.

Sasa ekra. Wakati uko na zaidi ya dakika 20, inaonesha saa na dakika tu, sekonde zinafichwa, nukta mbili za katikati ndizo zinapiga-piga. Ikifika chini ya 20 njo sekonde zinatokea. Bengi banalalamikia hii, banasema wanataka sekonde tangu mwanzo. Miye naona ni kitu nzuri kupita zote za hii saa, hata kama naamini mwenye aliitengeneza alifanya vile juu ya kuokoa plastiki ya ekra. Mutu mwenye anaona sekonde zikikimbia hawezi kufikiri, anaangalia sekonde. Ukiwa na 1:04 unajua uko na 1:04, rudisha macho ku ubao. Chini ya 20 sawa, hapo unazihitaji, juu kule utaanza kuishi na zile 30 za kuongeza na lazima ujue kama uko na 40 ao 8.

Juu ya kuishi na 30, niseme kidogo. Sekonde 30 zinatosha kusukuma pioni mu finale yenye unaijua, zinatosha usipoteze ture bure. Hazitoshi kuhesabu. Na kumbuka ndani ya zile 30 kuna kuandika pia! Sheria inasema mutu mwenye amebakia na chini ya dakika 5 anaweza kuacha kuandika, lakini paka kama kadansi haina sekonde 30 za kuongeza ao zaidi. Ukiwa na 30 unaandika mpaka mwisho, hata jasho likitoka. Nimeona batu banakataa hii kwa nguvu zote, banapiga meza, arbitri anafungua kitabu, banakaa.

Kelele ya saa sasa, na hapo nakasirika. Kutoka mu karto, inalia bip kila mutu akipiga buto. Mu sali yenye kuna meza kumi ni wazimu. Unaweza kuizima, unabonyeza buto ya kengele na kungoja sekonde kadhaa mpaka kale kapicha kapotee, lakini ukitosha batri inarudia, inabidi uizime tena. Na kuna bip ya mwisho, ukishuka chini ya sekonde 10, ile haizimike kabisa, nimejaribu kila buto. Fikiria, mutu iko na bonus ya 30, anatumia 21, anatulia, na saa inaanza kumulilia kama mutoto mwenye njaa, na jirani wa meza ya pembeni naye anageuka kuona. Kwa mashindano arbitri mukali ataikataa hii saa juu ya ile bip peke yake, na atakuwa na haki.

Kadansi ya vipande viwili, ile ya dakika 90 kwa hatua 40 kisha dakika 30 zingine, inaiweza, lakini kwa namna yake. Haingojee hatua ya 40, inangoja wakati wa kwanza uishe mpaka 0:00 ndiyo inaruka na kuweka 30. Mutu mwenye hajui anaona sufuri, moyo unasimama, kisha 30 zinatokea. Na saa haiseme kama ulifikisha 40 ao hapana, ni karatasi zenu njo zinasema, kwa hiyo kama bote babili hamukuandika vizuri mutakuwa na shauri. Ile hatua ya 40 si mchezo hata kwa bakubwa. Tarehe 3 Desemba 2021 kule Dubai, Carlsen na Nepomniachtchi, parti yao ya 6 ya ubingwa wa dunia, walikuwa na saa mbili kila mutu kwa hatua 40 bila sekonde ya kuongeza, na karibu na ile 40 bote babili walikosa nafasi nzuri juu saa ilikuwa imewabana. Baadaye Carlsen alishinda, hatua 136, saa saba na dakika 45, njo parti ndefu kuliko zote za ubingwa wa dunia kwa hesabu ya hatua. Nataja hii juu kuna kijana mwenye aliniambia kubanwa na saa ni ya batu banyonge.

Kura, nasema umeme, ikikatika. Bandugu ba Lubumbashi munajua, hii si swali ya labda. Saa haina taa ndani, ekra yake mu giza huioni kabisa, na yenyewe inaendelea kushuka, haijui kama kura imeenda. Kwetu tulikubaliana mbele ya parti: mwanga ukizimika, mwenye zamu anabonyeza buto ya kusimamisha, bote banatosha mikono ku ubao, mutu wa tatu analeta tochi ao taa ya sola, tunaendelea. Ku mashindano ya kweli unasimamisha saa paka kwa kuita arbitri, ni yeye anaamua. Kitu yenye haijatatuliwa ni hii: mwenzako anakaa mu giza dakika kumi na nafasi mu kichwa, anafikiri bure. Dada moja wa UNILU alisema kwa kucheka, mukizima taa tena miye nitakuwa nimeona mati. Basi tuliongeza sheria ya kusimama na kutoka nje. Tochi kali ya pembeni pia inaleta mwangaza ku ekra na hauoni namba, iweke nyuma ya bachezaji.

Bamoja mutasema, kwa nini kutosha dola wakati telefone iko na programu ya saa ya bure? Ni kweli, inafanya kazi, na kwa nyumbani sina neno. Ila mama anapiga simu mu finale, telefone inabaki na asilimia 6, na zaidi ya hiyo FIDE inakataza telefone fasi ya kuchezea bila ruhusa ya arbitri, kwa hiyo unajizoeza na kitu yenye siku ya kazi hutakuwa nayo. Kuna na njia ya kucheza polepole ku Lichess, bure kabisa, Mufaransa Thibault Duplessis aliianzisha mu 2010, na kule kisha parti unapata grafiki ya wakati wenye ulitumia kwa kila hatua, bila kuandika kitu. Kwa kujifunza wakati wako unaenda wapi, ile grafiki ni nzuri kupita saa yoyote, naikubali bila kupinga. Bako mpaka na ligi ya dakika 45 na sekonde 45, parti moja kwa juma. Tatizo yetu ni mega na rezo, rezo ikienda saa ya kule inaendelea kushuka kama hii yangu mu giza, na hakuna mwenye utaita. Na kusema kweli mbele ya telefone mukono unakwenda wenyewe, unacheza hatua mbele ufikiri, wakati ku ubao wa mbao lazima unyanyue kipande, ukiweke, upige buto na mukono uleule wenye umechezea, hii ni sheria pia, na zile sekonde mbili tatu zinaokoaka batu.

Batu bananiuliza kama inafaa kwa muchezo wa dame. Inafaa, hakuna kitu inakataza, lakini bacheza dame ba Kamalondo mwenyewe unabajua, uwaambie dakika 60 watakuuliza kama kuna mutu amekufa.

Ukienda kuinunua, nenda na batri zako mwenyewe, muuzaji hatakupa. Weka, panga BON na sekonde 30, piga kila buto mara nyingi na kidole kimoja kwa wepesi wa kawaida, angalia kama namba inapanda kila mara. Kuna zenye upande wa kuume unashika mara moja kwa mbili, ile mbaya utaijua palepale, mulombe akupe ingine. Halafu zima ile bip mbele yake na umuulize kama anajua kuzima ile ya mwisho. Kama anajua, tafazali, uniandikie.